Marufuku, kibali, umbali au kamati: mji ushike lipi kwa fataki na maabara za hatari?

Kila Desemba ikielekea ukingoni, polisi wa Tanzania hutoa onyo lile lile: msichome matairi barabarani, msilipue fataki bila kibali. Usiku wa tarehe 31 ukifika, mbwa wa mtaa mzima wanajificha uvunguni na anga ya Dar inawaka. Asubuhi yake hakuna anayeuliza zile fashifashi zililala wapi wiki nzima iliyotangulia, chini ya kitanda cha nani, nyuma ya duka gani. (Nasema fataki za baruti, si yule mzee wa matangazo ya redio aliyekuwa akiwawinda wanafunzi.)

Swali hilo la mahali pa kuhifadhi ndilo linaloziweka fataki kapu moja na maabara. Kuna maabara ya vipimo iliyo ghorofani juu ya duka la simu, kuna ghala la kemikali lenye bango la kampuni ya usafirishaji, kuna kituo cha utafiti kinachootesha vimelea. Ukipita nje, vyote ni ukuta na geti. Na mji ukiamua kutunga sheria ndogo, wanaoitwa kikaoni ni wale wale: afisa afya, mtu wa mipango miji, zimamoto na mwanasheria wa halmashauri.

Makala haya ni kwa diwani, mjumbe wa kamati ya mtaa, mwenye maabara au mwandaaji wa sherehe aliyesikia hoja zote na bado hajui aunge mkono ipi. Njia zinazojulikana ni nne: kupiga marufuku, kutoa kibali, kuweka umbali, na kuunda kamati yenye wakazi ndani yake. Mifano yangu kadhaa itatoka Boston na Cambridge, huko Massachusetts, Marekani, kwa sababu ni miji miwili inayotazamana kuvuka mto Charles na imeshika njia tofauti kwa hatari zile zile. Pale tulipo na yetu wenyewe, nitaitaja.

Vipimo vyenyewe

Kipimo cha kwanza kwangu ni cha zimamoto. Gari lao likifika saa nane usiku na moshi unatoka dirishani, wanajua ndani kuna nini? Sheria isiyojibu swali hili inaweza kuwa nzuri kwa mambo mengine, lakini haijamlinda mtu wa kwanza kuingia.

Cha pili ni uwezo. Mji una wakaguzi wangapi, na wanajua wanachokitazama? Mkaguzi anayejua kupima upana wa ngazi si lazima ajue tofauti ya fataki ya mkononi na ile inayolipuka rundo zima kwa pamoja.

Cha tatu ni mpaka: kitu kikizuiwa hapa, kinakwenda wapi? Cha nne ni gharama ya kukosa. Fataki ni furaha na riziki ya watu. Maabara ni majibu ya malaria na kifua kikuu. Kukaza sheria kuna bei, na aghalabu anayeilipa si yule aliyeitunga.

Njia ya kwanza: marufuku

Massachusetts imekwenda mbali kuliko majimbo yote ya Marekani. Mtu binafsi haruhusiwi kuuza, kumiliki wala kuwasha fataki ya aina yoyote, hata vile vijiti vya cheche ambavyo watoto kwingine huchorea majina yao hewani. Hata hivyo tarehe 4 Julai anga ya Boston inalipuka kwa rangi kama kawaida, kwa kuwa wataalamu wenye leseni hurusha fataki kutoka kwenye majahazi yaliyotia nanga mtoni. Furaha haikuzimwa. Ilitolewa mikononi mwa kila mtu ikakabidhiwa wachache.

*Zimamoto wanajua nini?* Hapa ndipo marufuku inapochekesha. Kisheria hakuna fataki nyumbani kwa mtu, basi hakuna orodha, basi zikiwako hakuna anayejua. Marufuku hupunguza idadi ya nyumba zenye hatari, lakini hizo zinazobaki inazifanya zisionekane.

*Uwezo:* mdogo tu unatosha. Askari wa kawaida hahitaji kupima chochote: akiiona, anaikamata. Kwa mji maskini hilo si jambo dogo.

*Mpaka:* ndio donda lake. Jirani wa Massachusetts upande wa kaskazini ni New Hampshire, ambako fataki ni halali na maduka yake yamejipanga karibu na mpaka yakimsubiri mteja wa kusini. Sisi tunaojua mipaka ya Namanga, Tunduma na Rusumo hatuhitaji kuelezwa zaidi. China nayo imejifunza hivyo hivyo. Beijing ilipiga fataki marufuku mwaka 1993, ikalegeza mwaka 2005 kwa sababu Mwaka Mpya wa kimya haukuwaingia watu akilini, kisha mwaka 2018 ikarudisha marufuku kwa eneo lote lililo ndani ya barabara ya tano ya mzunguko. Mila haiondoki kwa tangazo moja.

*Gharama ya kukosa:* kwa fataki, ni mchuuzi wa msimu na utoto wa mtu. Kwa maabara mambo hubadilika kabisa, kwa kuwa huwezi kupiga maabara zote marufuku ukaendelea kuwa mji wenye hospitali. Unaweza, hata hivyo, kupiga marufuku *kitu fulani* ndani ya maabara, na hilo Cambridge ililifanya. Miaka ya 1980 kampuni ya ushauri iitwayo Arthur D. Little ilifungua maabara mjini humo ya kupimia silaha za kemikali kwa mkataba wa jeshi, zikiwemo gesi za sarin na VX. Wakazi walipopata habari walikuja juu, na mwaka 1984 kamishna wa afya wa mji akazuia kazi hiyo. Kampuni ilikwenda mahakamani ikidai kwamba mambo ya ulinzi wa taifa hayamhusu kamishna wa manispaa. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema yanamhusu: afya ya wakazi ni kazi ya mji, hata mwenye maabara awe anafanya kazi ya jeshi. Marufuku ile ilisimama kwa sababu ilitaja vitu kwa majina. Ingesema tu “maabara za hatari zimekatazwa”, nadhani isingefika kokote.

*Inamfaa nani?* Mji wenye wakaguzi wachache na hatari inayoweza kutajwa kwa jina, ambapo kukikosa kitu hicho hakumuui mtu.

Njia ya pili: kibali

Hii ndiyo njia ya Afrika Mashariki, angalau kwenye makaratasi. Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Tanzania ina Sheria ya Baruti tangu 1963. Kwa maabara na kemikali Tanzania ina Mkemia Mkuu wa Serikali, ina OSHA ya usalama na afya kazini, ina NEMC ya mazingira, na ina bodi ya maabara binafsi za afya. Mwenye maabara mmoja anaweza kuwa na vyeti vya kujaza ukuta.

*Zimamoto wanajua nini?* Inategemea nakala ya kibali iko kabati la nani. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wamekufa.

Tarehe 13 Mei 2000, Jumamosi mchana, ghala la fataki la S.E. Fireworks lilishika moto katika mtaa wa Roombeek mjini Enschede, Uholanzi. Ghala lile lilikuwa na leseni. Lilikuwa likijulikana. Zimamoto walikwenda kuuzima moto wa kawaida. Shida ilikuwa kwamba leseni ilizungumzia hasa fataki za daraja dogo, zile ambazo zikiwaka zinaungua moja moja, kumbe makontena yalikuwa na shehena nzito kuliko ilivyoandikwa, ya aina inayolipuka kwa mpigo mmoja. Watu 23 walikufa, wanne wao zimamoto. Takribani 950 walijeruhiwa na mtaa mzima ukafutika. Karatasi ilikuwepo. Iliongopa, na hakuna aliyefungua kontena kulinganisha.

Nairobi nayo ina karatasi yake. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi eneo la Mradi, Embakasi, katikati ya nyumba za watu. Watu kadhaa walikufa na mamia wakajeruhiwa. Mamlaka ya nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kituo hicho, moja ya sababu ikiwa msongamano wa makazi. Upande wa pili, mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imekipa leseni, na baadaye ikakiri kwamba haikustahili kutolewa na maofisa wake wakasimamishwa. Gesi si fataki wala maabara, lakini ugonjwa ni ule ule: ofisi mbili, mafaili mawili, na hakuna aliyeyaweka mezani pamoja.

*Uwezo:* ndio unaoamua kila kitu. Kibali bila ukaguzi ni kodi tu. Anayetaka njia hii aanze kuuliza mkaguzi atakwenda mara ngapi kwa mwaka, na kama atakwenda bila kupiga simu kwanza.

*Mpaka:* kibali kinavuja kwa namna mbili. Ya kwanza ni mkubwa anayejiona hahitaji. Februari 2009 jengo jipya kwenye makao ya televisheni ya taifa ya China mjini Beijing liliungua kwa fataki ambazo kituo chenyewe kilizikodi bila kibali kilichotakiwa kwa fataki za aina ile. Zimamoto mmoja alikufa. Mchuuzi mdogo hana ubavu wa kufanya hivyo.

Ya pili ni pengo ambalo hakuna aliyeliona. Desemba 2022, katika mji mdogo wa Reedley, California, afisa wa manispaa anayesimamia kanuni za majengo aliona mpira wa kumwagilia bustani umepenyezwa ukutani mwa ghala lililodhaniwa tupu. Alipobisha hodi alikuta watu waliovaa makoti meupe, majokofu, chupa zenye majina ya vimelea na panya wa maabara wapatao elfu moja. Ghala halikuwa na leseni ya biashara ya mji. Na maofisa walipotafuta sheria ya taifa iliyokuwa imevunjwa kwa kuwa na maabara binafsi pale bila kuambia mtu, waligundua kwamba maabara isiyopokea fedha za serikali ilikuwa inaweza kukaa nje ya macho ya karibu kila mtu. Kilichoifichua ni afisa wa kanuni ndogo kabisa, zile za mipira na mabomba. Mimi hadithi hii hunipa heshima mpya kwa mabwana afya wetu wanaotembea na daftari sokoni.

*Gharama ya kukosa:* ndogo kuliko njia zote. Sherehe inafanyika, maabara inapima. Ila kibali kikichukua miezi sita na safari tatu za makao makuu, maabara ndogo ya kata itafungwa au itafanya kazi kimyakimya, na zote mbili ni hasara.

*Inamfaa nani?* Mji wenye wakaguzi wa kweli, wanaolipwa vya kutosha wasinunulike, na wenye ofisi moja inayopokea nakala za vibali vyote.

Njia ya tatu: umbali

Hapa mji hausemi hapana. Unasema: si hapa. Fataki na baruti ziwe mita kadhaa kutoka nyumba ya karibu, ghala na ghala viachiane nafasi, maabara ya vimelea vikali isiwe ukuta mmoja na shule.

Dar es Salaam haihitaji mfano wa kuazima. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi yalilipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka tena, safari hii Gongo la Mboto. Mara zote mbili wananchi walikufa, na makombora yaliangukia nyumba ambazo wenyewe hawakuwahi kufikiri wanaishi jirani na silaha. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Machi 2012, ikawa Brazzaville, mtaa wa Mpila, ambako waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Kambi na makazi vilikuwa vimepakana. Nani alimfuata mwenzake ni ubishi ambao majeruhi hawana haja nao.

*Zimamoto wanajua nini?* Wanajua kitu kimoja kikubwa, yaani mahali. Ukanda ukichorwa kwenye ramani, hata askari mgeni anajua akienda huko anaelekea kwenye nini. Tarehe 3 Novemba 2004 kiwanda cha fataki kilishika moto Seest, pembeni mwa mji wa Kolding, Denmark. Zimamoto mmoja alifariki, na nyumba nyingi ziliharibika, lakini wakazi wapatao elfu mbili walikuwa wameshaondolewa kabla mlipuko mkubwa haujaja. Ilikuwa imepita miaka minne tu tangu Enschede.

*Uwezo:* umbali unahitaji ukali mara moja, wakati wa kugawa viwanja, kisha unahitaji uvumilivu wa miaka hamsini. Nikiri kwamba katika miji yetu hili la pili ndilo gumu. Eneo la wazi lisilo na mtu kwa miaka miwili linapata kibanda, kibanda kinapata kisima, kisima kinapata msikiti na kanisa, halafu diwani anapata wapiga kura. Umbali usiolindwa unaliwa.

Na hata ukilindwa una mipaka yake. Soko la fataki la San Pablito huko Tultepec, Mexico, lilijengwa upya baada ya moto wa 2005, vibanda vikiachiana nafasi ili moto usirukie. Desemba 20, 2016, lilipojaa wanunuzi wa sikukuu, lililipuka na zaidi ya watu 40 wakafa.

Kwa maabara umbali ni kipimo cha kudanganya zaidi. Mlipuko hupungua nguvu kadiri unavyosogea mbali nao. Kimelea hakina tabia hiyo. Mwaka 1979 vijidudu vya kimeta vilivuja kutoka kituo cha jeshi mjini Sverdlovsk, Muungano wa Sovieti. Watu wasiopungua 66 walikufa, na wengi wao walikuwa kwenye ukanda mwembamba wa upepo wa siku ile, hadi kilomita nne hivi. Mifugo ilikufa hadi kilomita 50. Serikali ilisema ni nyama mbovu. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, waliugua ugonjwa usiojulikana walioupata kwa tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Waliugua watu 31, wakafa saba, na ugonjwa ukapewa jina la mji. Hatari ilitoka Entebbe ikaruka bara zima. Hakuna mita mia mbili za uwanja ambazo zingeizuia. Kinachoizuia ni glavu, hewa inayochujwa, milango miwili isiyofunguka kwa pamoja, na mfanyakazi aliyefunzwa kutoficha homa yake.

*Mpaka:* hatari haivushwi kwenda jimbo la pili, inasogezwa pembeni mwa mji, na pembeni mwa mji ndiko wanakoishi wasio na sauti. Diwani wa kata ya pembezoni ana haki ya kuuliza kwa nini “si hapa” humaanisha kwake kila mara.

*Gharama ya kukosa:* kwa ghala la fataki, nauli ya mchuuzi tu. Kwa maabara ya vipimo, mgonjwa anatembea mbali zaidi na sampuli inaharibika njiani kwa joto. Sioni sababu ya kuisogeza maabara ya kawaida ya malaria.

*Inamfaa nani?* Mji unaokua na ambao bado una ardhi ya kupanga, kwa vitu vinavyolipuka.

Njia ya nne: kamati yenye wakazi

Turudi Cambridge, sasa mwaka 1976. Chuo Kikuu cha Harvard kilitaka kujenga maabara ya kuunganisha vinasaba, teknolojia iliyokuwa mpya kiasi kwamba wanasayansi wenyewe walikuwa wamekutana Asilomar, California, mwaka mmoja kabla kujadili wajizuie wapi. Meya Alfred Vellucci, mtu asiyependa kudharauliwa na maprofesa, aliita kikao cha hadhara na kuwahoji mbele ya kamera. Baraza la mji likasimamisha utafiti wa aina hiyo kwa miezi mitatu, kisha likafanya jambo ambalo wengi walilicheka: likaunda jopo la wakazi lisilo na mtaalamu wa fani hiyo. Alikuwemo mtawa, muuguzi, mhandisi, daktari, na mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya kupashia nyumba joto.

Walikaa miezi kadhaa wakisoma na kuhoji. Januari 1977 walitoa ripoti, na wale waliocheka walinyamaza. Hawakukataza utafiti. Waliuruhusu kwa masharti makali kidogo kuliko ya taifa, chini ya kamati ya kudumu ya mji. Februari mwaka huo baraza likapitisha sheria. Baadaye mji uliongeza mstari mmoja wa marufuku ndani yake: kazi ya vinasaba inayohitaji ulinzi wa daraja la nne, la juu kabisa, haifanyiki Cambridge.

*Zimamoto wanajua nini?* Zaidi kuliko njia nyingine yoyote, kwa kuwa maabara lazima ijieleze kwa mji kabla ya kuanza, na maelezo hayo yako mjini penyewe, si makao makuu ya nchi. Kila taasisi ina kamati yake ya ndani ambamo mkazi anaketi pia.

*Uwezo:* hapa watu wanaogopa bure na wanajiamini bure. Wanaogopa bure wanaposema fundi cherehani hawezi kuelewa vimelea. Anaweza kuuliza “kikimwagika mnafanya nini, na mnamwambia nani?”, na hilo ndilo swali lenyewe. Wanajiamini bure wanapodhani kamati itakagua. Kamati haikagui friji. Bado unahitaji mtu wa kufungua mlango.

*Mpaka:* upande wa pili wa mto, Boston iliruhusu kile Cambridge ilichokataza. Chuo Kikuu cha Boston kilipata fedha za serikali kuu mwaka 2003 kujenga maabara ya daraja la nne mjini, jirani na mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 2004 watafiti watatu wa chuo hicho hicho, katika maabara nyingine, waliambukizwa tularemia, ugonjwa wa bakteria, na umma ulikuja kujua Januari 2005. Hasira iliyofuata unaweza kuikisia. Jengo lilikamilika 2008, kesi zikafuatana, na tume ya afya ya mji ikaidhinisha kazi ya daraja la nne Desemba 2017 tu. Jengo la mamilioni ya dola lilingoja karibu miaka kumi, na sehemu kubwa ya kilichoingojesha ni kwamba majirani waliambiwa baadaye kuliko walivyostahili.

*Gharama ya kukosa:* kinyume cha matarajio. Kampuni ya Biogen ilipoingia Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuta kanuni ziko tayari, na eneo la Kendall Square leo limejaa kampuni za dawa kuliko karibu mahali popote duniani. Mwekezaji anaweza kuishi na sheria kali; asichoweza ni sheria asiyojua itakuja lini.

Kwa fataki kamati ni mzigo usio na maana. Hakuna haja ya mtawa na mhandisi kujadili fashifashi za Krismasi.

*Inamfaa nani?* Mji wenye chuo kikuu, taasisi ya utafiti au hospitali ya rufaa, na wakazi wanaokaa muda mrefu kiasi cha kujali. Nairobi, Entebbe, Kinshasa, Kilifi, Moshi: miji hii inaishi na maabara za utafiti na itaendelea kuishi nazo.

Ukiwa katika hali hii

Kama wewe ni diwani wa mji wenye zimamoto wawili na gari moja, na kero yako ni fataki za mwisho wa mwaka, anza na marufuku ya kuhifadhi na kuuza kwenye nyumba za makazi, kisha tenga sehemu moja ya wazi ambako halmashauri au hoteli zitaruhusiwa kurusha zikiwa na mtaalamu. Sheria ya Mamlaka za Miji ya 1982 kwa Tanzania inakupa mlango wa kutunga sheria ndogo. Kenya, Katiba ya 2010 imeweka zimamoto na maafa mikononi mwa kaunti, ingawa vilipuzi vyenyewe vimebaki kwa serikali ya taifa, basi usiandike sheria ndogo inayogongana na ile ya juu.

Kama kata yako ina ghala ambalo tayari limezungukwa na nyumba, umbali umeshakupita. Usipoteze mwaka ukidai lihame kabla ya kudai orodha ya kilichomo. Orodha ije kwanza, ikaguliwe kwa kufungua maboksi, halafu madai ya kuhama yaendelee.

Mwenye maabara ndogo ya vipimo, wewe hofu yako ni kuongezewa kibali cha sita. Pendekeza mwenyewe njia nafuu: ukurasa mmoja unaosema una kemikali gani, mitungi ya gesi mingapi, unapima vimelea gani, taka zinaondoka siku gani, na simu ya mtu anayepokea usiku. Halmashauri ikikubali ukurasa huo badala ya safari nyingine ya makao makuu, umeshinda wewe na wao.

Kama taasisi kubwa inataka kujenga maabara ya daraja la tatu au la nne mjini kwako, dai kamati kabla ya msingi kuchimbwa, na dai iandikwe ni muda gani ajali itatangazwa kwa majirani. Kuikataa moja kwa moja ni haki yenu pia, kama Cambridge ilivyofanya kwa daraja la nne, ila mjue ni ipi mnayoikataa, kwa jina.

Na kama wewe ni mpangaji tu, huna cheo wala muhuri, na kuna ghala mtaani ambalo taa zake huwaka usiku na hakuna anayejua linauza nini, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na umwombe kitu kimoja: aandike barua kituo cha zimamoto kuuliza kama wanalifahamu.